Sikio Lenye Kifaa: Kelele na Kutosikia katika Ukanda wa Dhahabu

Machi 2019 yalitokea mambo mawili ambayo ukiyatazama kwa haraka hayana undugu. Tarehe 5 ya mwezi huo, Unicode, taasisi inayosimamia orodha ya herufi na alama zinazotumika kwenye simu na kompyuta duniani kote, ilitoa toleo la 12 la orodha yake, na humo mlikuwa na picha ndogo ya sikio la mtu lililovishwa kifaa cha kusaidia kusikia. Tarehe 17, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua mjini Geita soko la kwanza la madini nchini, mahali ambapo mchimbaji mdogo angepimiwa dhahabu yake hadharani na kuiuza kwa bei inayojulikana, badala ya kusemezana na mnunuzi kando ya duara, yaani shimo la kuchimbia. Nashikilia kwamba mambo haya mawili ni ya historia moja. Tangu miaka ya 1930, kazi ya dhahabu katika nchi iliyo kati ya Shinyanga na Geita imekuwa ikiwapunguzia watu masikio, na mtu aliyepunguziwa hakuwa na jina lake, alama yake wala daftari lake. Alihesabiwa mzima mpaka hali ilipozidi. Baada ya hapo aliitwa kiziwi, na mara nyingi zaidi aliitwa mkaidi. Picha ile ya sikio lenye kifaa, kwa udogo wake wote, ni alama ya kwanza iliyoenea mikononi mwa watu wa kawaida inayomtaja mtu huyo kama alivyo: sikio lake limechoka, akili yake ipo, na anataka kusikia.

Kwanza tuitazame picha yenyewe, maana wengi huipita bila kuiona. Emoji ni neno la Kijapani, e ikiwa picha na moji ikiwa herufi, na mwaka 1999 kampuni ya simu ya Docomo ya Japani ilitoa seti ya picha 176 za aina hiyo. Sikio la kawaida liliingia katika orodha ya Unicode mwaka 2010, na watu wakalipa kazi mbalimbali: nakusikiliza, nipe habari, kuna umbea hapa. Sikio lenye kifaa lilikuja kwa njia nyingine. Machi 2018 kampuni ya Apple, ikishauriana na vyama vya watu wenye ulemavu vya Marekani, kikiwemo chama cha kitaifa cha viziwi cha nchi hiyo, ilipeleka Unicode ombi la picha 13: mbwa wa kumwongoza asiyeona, fimbo nyeupe, mkono na mguu wa bandia, viti vya magurudumu, na nyinginezo. Mbili kati ya hizo zilihusu kusikia, na ni muhimu kwamba zilikuwa mbili. Moja ni mtu anayegusa shavu kwa kidole, akiiga ishara ya lugha ya alama ya Kimarekani inayomaanisha kiziwi. Ya pili ni sikio peke yake, na nyuma yake kifaa kilichopinda kama ndizi changa, chenye kimrija kinachoingia kwenye tundu la sikio. Mwandikaji anaweza kuchagua rangi ya ngozi, kutoka nyeupe hadi nyeusi. Linganisha na ile alama ya zamani ya maofisini na viwanja vya ndege, sikio jeupe kwenye kibao cha buluu lililokatwa na mstari wa mshazari. Mstari ule unasema hapa hapasikiki. Emoji haikati chochote. Inaonyesha sikio likiwa kazini pamoja na msaidizi wake, na tofauti hiyo kati ya kukata na kuongeza ndiyo inayonifanya niichukulie kwa uzito.

Ninaichukulia hivyo kwa sababu lugha yetu haikuwahi kuwa na nafasi ya katikati. Kusikia kwa Kiswahili ni jambo pana mno. Tunasikia sauti, lakini pia tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu. Zaidi ya hayo, kusikia ni kutii. Mtoto msikivu ni mtoto mwenye adabu, na mtoto asiyesikia haendi hospitali, anachapwa. Sikio la kufa halisikii dawa, tunasema, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika methali zote mbili mwenye kasoro ni mwenye sikio, wala sikio lenyewe halishitakiwi. Aliyetia pamba masikioni, katika usemi wetu, ni mtu aliyeamua kupuuza. Mchimbaji anayetia pamba ya kweli ili ajikinge na kelele anafanya kitendo ambacho lugha imekwisha kukipa jina la ufedhuli. Hata vifaa vyenyewe vimerithi utata huu. Katika orodha za vifaa saidizi utakuta shimesikio, na utakuta pia vifaa vya usikivu, na usikivu ni neno lilelile la adabu ya mtoto. Kwa upande wa pili kuna kiziwi, jina la ngeli ya ki-vi pamoja na kipofu, kilema, kibogoyo na kigugumizi, na kwa muda mrefu bubu amekuwa akitajwa kama pacha wake. Kati ya msikivu na kiziwi hapana kitu. Mtu anayesikia kwamba unasema lakini hapati ulichosema hana jina la neno moja katika Kiswahili, na mtu asiye na jina ni rahisi kupachikwa la wengine.

Masumbwe ni mahali pazuri pa kupimia hoja hii. Ni mji wa barabarani katika wilaya ya Mbogwe, kwenye njia kuu inayotoka Kahama kuelekea Ushirombo na mbele yake Rwanda na Burundi, na malori yanapita usiku na mchana. Kabla ya 2012 eneo hili lilikuwa mkoa wa Shinyanga, ndani ya wilaya ya Bukombe. Mwaka huo ulipoundwa mkoa wa Geita, Mbogwe ikawa wilaya yake. Jina la mji linatukumbusha wenyeji, Wasumbwa, ambao karne ya 19 walijulikana kwa safari za mbali za biashara. Msiri, aliyejenga ufalme wa Wayeke huko Katanga na kuuawa mwaka 1891, alitokana na wafanyabiashara wa shaba wa asili hii. Kaskazini yao, kuelekea Geita na Biharamulo, waliishi Walongo, mafundi wa kuyeyusha na kufua chuma. Kwa hiyo nyundo haikuja hapa na wazungu. Lakini nyundo ya mhunzi ilipigwa kwenye kibanda kilicho wazi, na siku nyingine hakupiga kabisa kwa kuwa alikuwa shambani. Sikio lilipata mapumziko. Ukanda huu pia ni wa Wasukuma, ambako salamu ni shughuli kamili: asubuhi mwangaluka, mchana mwadila, na jibu linadaiwa papo hapo. Katika jamii ambayo heshima hupita masikioni kwa kiasi hicho, asiyejibu salamu huhesabiwa kuwa amedharau. Nani atafikiri kwanza kwamba hakusikia?

Kelele ya kiwanda ilifika mwaka 1936, mgodi wa Geita ulipoanza kazi. Ulichimba hadi 1966, na katika enzi yake ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Afrika Mashariki. Upande wa Shinyanga, John Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940 na mitambo ya kuchambua mawe ikafuata. Hapa sharti tuseme jambo moja waziwazi, kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba siku hizo watu hawakujua. Walijua. Mganga wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, katika toleo la 1713 la kitabu chake cha maradhi ya mafundi, aliandika kwamba wafua shaba wa Venice huharibika masikio kwa kugonga kutwa nzima, na wakizeeka huwa viziwi kabisa. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow aliwapima watengenezaji 100 wa matangi ya mvuke na hakumpata hata mmoja aliyekuwa na masikio mazima. Hiyo ni miaka 50 kabla ya mgodi wa Geita, na ni katika nchi ileile iliyokuwa ikiitawala Tanganyika. Elimu ilikuwepo, haikusafirishwa pamoja na mashine.

Mgodi ulipofungwa, uchimbaji haukufa. Uliingia mikononi mwa wachimbaji wadogo, kwa nyundo, tindo na sururu, na tangu 1990, Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu kwa bei inayokaribia ya soko bila kumuuliza mtu ametoka nayo wapi, watu walimiminika. Rashi moja ilifuata nyingine, kijiji kilijaa ndani ya wiki na kubaki mashimo baada ya mwaka. Katika miaka hiyohiyo makampuni makubwa yalirudi: mgodi wa Bulyanhulu ukaanza kuzalisha mwaka 2001, mgodi mpya wa Geita ukiwa umefunguliwa mwaka mmoja kabla. Kwa sikio, kilichobadilika zaidi kilikuwa kwa wadogo. Mwanzoni mawe yalitwangwa kwenye kinu cha chuma kwa mchi wa chuma, kazi iliyofanywa sana na wanawake, wameketi safu chini ya turubai, kila pigo likiwa nusu mita kutoka usoni. Kisha likaja karasha, pipa la chuma linalozunguka likiwa na mawe na vyuma ndani yake, likiendeshwa na injini ya dizeli na baadaye umeme. Karasha halilali. Mwenye nalo huwasagia wateja zamu kwa zamu, na wenye viroba hulala pembeni wakilinda mawe yao yasichanganywe, hivyo usingizi wao nao huwa ndani ya kelele. Chini ya ardhi baruti hulipuliwa kwenye njia nyembamba ambako sauti haina pa kutokea, na kompresa za kuendeshea mashine za kutobolea mwamba hunguruma juu ya mdomo wa duara. Kiwango kinachokubalika na wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli tatu, muda wa salama hukatwa nusu. Mashine ya kutobolea mwamba hupita desibeli 100 bila shida. Piga hesabu hiyo na utaona kwamba mtu anamaliza haki ya sikio lake ya siku nzima kabla hajamaliza chai ya saa nne.

Madhara yake hayaji kama watu wanavyodhani. Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba kilichojisokota kama konokono, na humo mna chembe zenye vinyweleo vinavyoitikia mitetemo ya sauti. Zilizo mlangoni huitikia sauti nyembamba, zilizo ndani huitikia sauti nene, na kelele huua kwanza zile zinazoitikia sauti nyembamba. Zikifa hazioti tena. Mtu huyo bado anasikia lori likipita, anasikia ngoma, anasikia ukimwita kwa sauti kubwa. Kinachompotea ni konsonanti: s, f, sh, t, k, p. Irabu za Kiswahili, ambazo ni nzito na zenye nguvu, zinabaki, na hivyo yeye mwenyewe huamini kwamba anasikia vizuri ila watu siku hizi wanaguna tu. Chukua namba mbili za Kiswahili, sita na tisa. Zina irabu zilezile kwa mpangilio uleule, i kisha a. Zinatofautiana kwa s na t kubadilishana nafasi, basi. Kwa mtu ambaye sauti nyembamba zimemtoka, sita na tisa ni neno moja. Sasa mweke mtu huyo mbele ya mnunuzi wa dhahabu, kwenye kibanda kilicho hatua ishirini kutoka kwenye karasha, anatajiwa gramu na pointi na bei kwa mdomo. Anaweza kuitikia asichokubali. Anaweza pia kukataa kwa hasira bei ambayo haikutajwa, na jirani zake wakasema huyu ana shari. Sidai kwamba soko la Geita lilifunguliwa kwa ajili yake. Lilifunguliwa ili kuziba utoroshaji na kukusanya mapato. Lakini mizani iliyo wazi na bei inayosomeka kwa macho ni msaada wa kusikia, hata kama hakuna aliyeuita hivyo, na ndiyo maana nimeyaweka matukio yale mawili ya Machi 2019 katika daftari moja.

Kelele haikufanya kazi peke yake. Vumbi la mwamba hukaa kwenye mapafu, na mapafu yenye vumbi hilo hushikwa kirahisi na kifua kikuu. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na utaratibu uliojengwa hapa pamoja na daktari Karel Styblo ukawa mfano ulioigwa na dunia. Ni jambo la kujivunia. Katika miezi miwili ya kwanza ya tiba hiyo, kwa miaka mingi, mgonjwa alichomwa sindano za streptomaisini, dawa ambayo kwa baadhi ya watu huua chembe zilezile za sikio zinazouawa na kelele. Aliyepata kifua kikuu sugu alipewa kanamaisini, ndugu yake, mpaka Shirika la Afya Duniani lilipoacha kuipendekeza mwaka 2018. Sindano hizo ziliokoa maisha, na hakuna mwenye akili atakayezilaumu. Nalitaja hili kwa sababu ya mnyororo wake: mwamba uleule ulitoa kelele na vumbi, na mwisho wa safari zote mbili ukawa mahali pamoja. Ongeza surua, homa ya uti wa mgongo na usaha wa masikio wa utotoni usiotibiwa, na utaona kwa nini haiwezekani kumnyooshea mtu kidole na kusema uziwi wako umetoka hapa tu. Ugumu huo wa kuthibitisha chanzo umewafaa sana wale wasiotaka kulipa.

Taasisi zetu, kwa upande wake, zilimwona kiziwi na hazikumwona aliyepunguziwa. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mjini Tabora mwaka 1963, jirani na nchi ya Wasumbwa. Shule ya Buguruni ikafuata mwaka 1974 na ya Mwanga mwaka 1981. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilizaliwa miaka ya 1980, na kwa juhudi zake na za wasomi lugha ya alama ikapata kamusi. Mjini Shinyanga shule ya Buhangija ilikuja kupokea watoto viziwi pamoja na wasioona na wenye ualbino. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2017 hospitali ya Muhimbili ikaanza kuwapandikizia watoto vifaa vya kusikia ndani ya sikio. Haya yote ni mema na yalipiganiwa. Lakini tazama ni ya nani: ni ya mtoto, aliyezaliwa hasikii au aliyeugua mapema, anayeweza kupelekwa shule. Mtu mzima aliyepoteza kusikia kidogo kidogo akiwa na miaka 35, mwenye familia, asiyejua lugha ya alama na asiye na wa kuzungumza naye kwa lugha hiyo, hana mlango katika orodha ile. Upande wa kazi kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Uziwi wa kelele ni ugonjwa wa kazi unaoeleweka duniani kote. Fidia hiyo, hata hivyo, hujengwa juu ya mwajiri anayechangia. Mchimbaji wa duara hulipwa kwa mgao wa mawe. Nani mwajiri wake? Mwenye duara, mwenye leseni, au mwenye karasha? Kila mmoja atakuonyesha mwenzake.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kwa heshima, nalo ni hili: mtu asiyesikia anahitaji kifaa, mnamletea picha ya kifaa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba kati ya watu wote duniani ambao kifaa kingewasaidia, asilimia 17 tu ndio wanaokitumia. Kifaa kinahitaji mtu aliyesomea kupima masikio, kinahitaji kiziba kilichofinyangwa kwa umbo la sikio la mwenyewe, na betri ndogo kama kifungo cha shati ambazo nyingi huisha ndani ya wiki moja au mbili. Jasho na vumbi la machimbo ni maadui zake. Tena hakirudishi chembe zilizokufa. Kinakuza sauti, na katikati ya kelele kinakuza pia kelele. Yote hayo ni kweli, na kama emoji ingekuwa inatolewa badala ya kifaa ningekuwa wa kwanza kuikataa. Lakini pingamizi hili linadhani kwamba kinachokosekana ni kifaa peke yake. Historia niliyoieleza inaonyesha kwamba kilichotangulia kukosekana ni kutambuliwa. Watu hawakununua vifaa, hawakudai fidia, hawakuvaa vizibo vya kukinga masikio, kwa sababu hapakuwa na namna ya kusema nimepungukiwa masikio bila kuonekana umesema nimekuwa kiziwi, au mimi ni mkaidi. Miwani ilipita njia hii. Leo mtu huvaa miwani bila kuitwa kipofu, kwa kuwa picha ya mtu aliyevaa miwani, tangu vitabu vya shule hadi mabango ya mjini, ilikuwa imekwisha kuwa ya kawaida machoni pa watu. Sikio halikuwahi kupata picha hiyo. Mdai hudai anachoweza kukitaja.

Pingamizi la pili linatoka kwa viziwi wenyewe, na lina uzito zaidi kwangu. Wanasema picha ya kifaa inarudisha fikra ya zamani kwamba asiyesikia ni mashine mbovu inayosubiri kutengenezwa, ilhali wao wana lugha yao kamili, na wamelichukua neno kiziwi, pamoja na ki- yake, wakaliandika kwa fahari kwenye jina la chama chao. Wana haki. Hapo ndipo naona hekima ya kuwepo picha mbili. Anayegusa shavu kwa kidole ni kiziwi mwenye lugha ya alama. Sikio lenye kifaa ni la yule anayeishi kwa lugha ya mdomo na anataka kuendelea kuishi kwayo. Kosa lingekuwa kuitumia ya pili kumwakilisha wa kwanza, na kosa hilo hufanyika kila bango la mkutano linapoweka sikio lenye kifaa kutangaza kwamba kuna mkalimani wa lugha ya alama. Aliyeivaa alama hiyo hakuomba mkalimani. Ameomba mtu amgeukie, aseme polepole, asizibe mdomo kwa mkono, na azime injini kwanza kama inawezekana.

Wengine watasema watu wa machimbo hawaitumii picha hii, au wanaitumia kwa mzaha, kumwambia mwenzao una masikio ya mbao. Alama zote mpya hupita mzaha kwanza, na mzaha si ushahidi kwamba hazina kazi. Kazi yake katika ukanda huu ni ya pekee kwa sababu ya namna simu zinavyotumika. Watu wengi hawapendi kuandika. Wanarekodi sauti na kuituma. Habari za rashi mpya, bei ya leo, zamu ya karasha, msiba wa jirani, vyote husafiri kwa sauti iliyorekodiwa kandokando ya injini. Kwa aliyepoteza konsonanti, ujumbe huo ni irabu tupu, tena bila uso wa kutazama midomo. Sikio lenye kifaa kando ya jina lake kwenye orodha ya simu linaweza kusema, bila kumwaibisha, niandikie. Hilo ni matumizi ambayo hayakuwa katika ombi la 2018, na hayahitaji idhini ya Apple wala ya Unicode. Maana ya alama huamuliwa na wanaoitumia.

Kuna tatizo moja la kiufundi ambalo ni lazima litajwe. Picha iliyoingia katika orodha mwaka 2019 haionekani kwenye simu ambayo programu yake ni ya kabla ya hapo na haikuhuishwa. Simu kama hizo, nyingi zikiwa zimepita mikono miwili mitatu, bado zimo mifukoni mwa watu. Anayetuma huona sikio na kifaa chake. Anayepokea huona kisanduku kitupu, au kisanduku chenye msalaba ndani. Hapo mtumaji hulazimika kurudi kwenye herufi na kuandika mwenyewe, kwa maneno yake: sisikii vizuri, usinitumie sauti.